Bugenvile ndani ya bidoni: jua mingi, maji kidogo

Kila mkaaji wa Bukavu ao wa Goma anaijua, hata kama jina lake halimjii haraka: ule mmea wa miiba unaopanda juu ya ukuta wa parseli, na wakati mvua inapungua unageuka zambarau, nyekundu, rangi ya machungwa ao nyeupe mpaka majani yake hayaonekani tena. Kwa Kifaransa unaitwa bougainvillier. Katika mtaa watu wanasema tu bugenvile.

Wengi wanawaza kwamba maua haya ni ya wale wenye parseli kubwa na ukuta mrefu. Sivyo. Bugenvile inaishi vizuri ndani ya chungu, ndani ya ndoo ya rangi iliyokwisha, hata ndani ya bidoni ya njano iliyokatwa kichwa. Kwa familia inayopanga nyumba hiyo ni habari njema: siku mwenye nyumba anapandisha bei, ao siku ya kuhama inapofika, maua yanabebwa pamoja na viti na masufuria.

Shida inakuja kisha. Mtu ananunua mche wenye maua mazuri kando ya barabara, anaupeleka nyumbani, anauweka karibu na mlango chini ya barza, anaumwagilia asubuhi na jioni. Kisha wiki mbili ao tatu maua yanaanguka. Majani yanaongezeka, mabichi na makubwa, lakini maua hayarudi. Anaongeza maji. Anaongeza mbolea. Majani yanazidi. Mwisho yanakuwa ya njano, mizizi inaoza, na mwenyewe anasema kwamba hana mkono wa maua.

Kumbe mkono haukuwa na kosa lingine isipokuwa huruma. Bugenvile inatoa maua ikipata vitu vitatu: jua kali, nafasi ndogo ya mizizi, na kiu kidogo. Anayeichunga sawa vile anachunga lengalenga atapata majani tu.

Mmea huu ulitoka wapi

Bugenvile si mmea wa asili ya Afrika. Ilitoka Amerika ya Kusini, sana sana Brazili na nchi jirani. Jina lake ni la Louis-Antoine de Bougainville, baharia Mfaransa aliyeongoza safari ya kuzunguka dunia kuanzia mwaka 1766 mpaka 1769. Katika safari hiyo kulikuwa mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, na ni katika mji wa Rio de Janeiro, mwaka 1767, ndipo mmea huu ulikusanywa na kupewa jina la mkubwa wa safari.

Commerson alikuwa na msaidizi mmoja, Jeanne Baret. Huyu alikuwa mwanamke, lakini alivaa nguo za wanaume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kupanda merikebu za jeshi la Ufaransa. Siri yake ilijulikana njiani. Leo anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuzunguka dunia yote kwa merikebu.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawajui: kile kitu cha rangi ambacho watu wanaita ua, si ua. Ni majani matatu yaliyogeuka rangi, mepesi na makavu sawa karatasi. Ua lenyewe ni kile kijimrija kidogo cheupe kilicho katikati. Majani hayo ya rangi yanadumu muda mrefu kuliko maua ya kawaida, njo maana bugenvile moja inaweza kupendeza wiki nyingi bila kubadilika.

Sababu gani ndani ya chungu

Ku Goma, jibu la kwanza liko chini ya miguu. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu walijenga tena nyumba zao juu ya mawe yaleyale. Katika parseli nyingi, mtu akitaka kuchimba shimo la kupanda mti lazima atafute nyundo kwanza. Mwenye chungu hachimbi: anatafuta udongo wa kujaza ndoo moja, basi.

Ku Bukavu hali ni nyingine. Udongo uko, lakini parseli nyingi ni ndogo na ziko kwenye mteremko. Kuchimba-chimba pembeni ya msingi wa nyumba wakati wa mvua si jambo la kuchezea. Hapo pia chungu kinaondoa wasiwasi.

Lakini sababu kubwa iko ndani ya mmea wenyewe. Bugenvile yenye nafasi kubwa chini ya ardhi inatumia nguvu yake kukuza matawi. Inaweza kupanda mita nyingi na kufunika paa. Mizizi ikijaza chungu na kubanwa kidogo, mmea unaacha kukimbia na unaanza kutoa maua. Ndiyo sababu haifai kuhamisha mche mdogo moja kwa moja ndani ya pipa kubwa kwa kudhani unasaidiwa. Mche mdogo unataka chungu kidogo. Ukikua, unapewa kinachozidi kidogo.

Chungu gani kinafaa

Kwa mche ulioshika mizizi vizuri, chungu chenye upana wa sentimita 25 ao 30 kinatosha kwa mwaka wa kwanza. Kinaweza kuwa cha udongo, cha plastiki, cha simenti ao bati la zamani. Bidoni ya litre 20 ikikatwa upande wa juu inafaa sana: ni nyepesi na iko na mkono wa kubebea ikikatwa kwa akili.

Jambo moja halina mjadala: matundu chini. Toboa matundu manne ao matano, kila moja liwe na upana wa kidole kidogo. Chungu bila tundu ni kaburi la bugenvile. Kisha kiinue juu ya mawe mawili ao matatu ili matundu yasizibwe na matope.

Wengine wanaweka sahani chini ya chungu ili barza isichafuke. Sahani inaleta shida mbili: mizizi inakaa ndani ya maji, na mbu wanapata mahali pa kutaga mayai. Kama sahani ni lazima, imwagwe kila mara kisha kumwagilia.

Na kuku? Wanapenda kuchakura udongo mpya. Tandaza mawe madogo juu ya udongo, na watatafuta mahali pengine.

Udongo: mweusi, mwepesi, unaopitisha maji

Mchanganyiko rahisi ni huu:

– sehemu mbili za udongo mweusi wa shamba;
– sehemu moja ya changarawe ndogo ya volkano ao mchanga mnene wa mto;
– sehemu moja ya mbolea iliyooza vizuri: ya ng'ombe, ya majani, ao ya maganda ya kahawa.

Mtu wa Goma ana bahati ambayo mara mingi haioni. Ile changarawe nyeusi ya volkano, nyepesi na yenye matundu-matundu, inafanya kazi ambayo katika nchi zingine watu wanalipia pesa: inapitisha maji ya ziada na inaacha hewa ifikie mizizi. Ponda mawe mpaka yalingane na punje za mahindi, tosha vumbi, changanya.

Kwa mtu wa Bukavu, udongo mwekundu wa kilima ni mzito. Ukilowa unashikana sawa tofali, ukikauka unapasuka. Usitumiwe peke yake. Mchanga ao changarawe iongezwe mpaka ukikamata donge mkononi na kulifinya kidogo, linavunjika lenyewe.

Mbolea ya kuku ikiwa mbichi inachoma mizizi. Iache ioze miezi kadhaa kwanza, mpaka haina tena harufu kali.

Kupata mche bila kununua

Anayejua kupanda muhogo ameshajua nusu ya kazi. Bugenvile inazaliwa na kijiti, lakini inachelewa kuliko muhogo na vijiti vingine vinakufa. Kwa hiyo usipande kimoja. Panda sita ao nane ili upate viwili ao vitatu.

1. Omba jirani mwenye bugenvile nzuri akukatie tawi. Chagua tawi lililokomaa, gumu, la rangi ya kahawia, lenye unene wa kalamu. Tawi bichi la kijani linaoza haraka.

2. Kata vijiti vya sentimita 15 mpaka 20, kila kimoja kiwe na macho matatu ao manne. Upande wa chini ukatwe mshazari, karibu kabisa chini ya jicho. Upande wa juu ukatwe sawasawa, bila mshazari. Hivyo hautakosea upande wa kupanda: kijiti kilichogeuzwa kichwa chini hakishiki.

3. Tosha majani yote, ao acha mawili madogo juu. Ondoa miiba ya sehemu itakayoingia udongoni.

4. Ingiza kijiti mpaka nusu ndani ya kopo dogo lenye mchanga mingi na udongo kidogo. Lowesha mara moja vizuri.

5. Weka kivulini penye mwangaza. Chupa ya plastiki ya maji iliyokatwa kitako inaweza kufunika kijiti ili unyevu usitoroke. Kifuniko cha juu kiachwe wazi.

6. Kisha hapo, subira. Majani madogo yanaweza kutokea kabla ya mizizi. Yanadanganya. Usivute kijiti kuona kama kimeshika. Mizizi inahitaji wiki sita mpaka kumi, na penye baridi hata zaidi.

Wakati wa kuhamishia mche ndani ya chungu chake, jihadhari: mizizi michanga ya bugenvile inavunjika haraka sana. Usiushike kwa shina na kuuvuta. Kata kopo pembeni kwa kisu, chukua udongo wote pamoja na mizizi, uweke ndani ya chungu kipya, jaza pembeni, mwagilia. Miche mingi inakufa siku hii, na mtu anadhani ni udongo mbaya.

Jua: hapa hakuna njia ya mkato

Bugenvile inataka jua lenyewe, si mwangaza tu. Saa sita kwa siku ni kiasi cha chini. Zaidi ni bora. Chini ya barza, chini ya mti wa avoka, ao ndani ya nyumba karibu na dirisha, itaishi lakini haitatoa maua ya maana. Mtu akitaka kujua mahali pazuri, afanye jaribio rahisi siku yenye anga wazi: aangalie kivuli cha chungu asubuhi, saa sita ya mchana na saa tisa. Kama mara hizo zote kivuli kinaonekana kikali juu ya ardhi, hapo ndipo mahali pake.

Katika nchi za mbali, mmea huu unangoja siku ziwe fupi ili utoe maua. Ku mashariki ya Congo jambo hilo halizuii kitu. Ikweta inapita karibu na mji wa Butembo, na mchana unakaribia masaa 12 mwaka mzima. Ndiyo sababu hapa bugenvile inaweza kutoa maua mara kadhaa kwa mwaka. Kinachobadilika ni mvua.

Mche uliokuwa kivulini usitupwe juani siku moja. Majani yataungua. Upewe jua la asubuhi wiki moja, kisha usogezwe.

Maji: ngoja mpaka iombe

Ingiza kidole ndani ya udongo mpaka kiungo cha pili. Kama kuna unyevu, acha. Kama ni pakavu, mwaga maji pole pole mpaka yatoke kwenye matundu ya chini, kisha usimwage tena mpaka udongo ukauke. Kumwagilia kidogo-kidogo kila siku ni kubaya: juu panalowa, chini hapafikiwi, na mizizi inabaki karibu na uso.

Mmea ukishakomaa na kushika chungu chake, unaweza kuuchokoza ili utoe maua. Acha kumwagilia mpaka majani ya juu yaanze kulegea kidogo, sawa mtu aliyechoka. Siku hiyo mpe maji ya kutosha. Rudia hivyo mara kadhaa. Kisha wiki chache, ncha za matawi zinaanza kupata rangi. Ni namna ileile inayofanyika peke yake kila kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane ku Kivu, wakati mvua inakatika na kuta za mji zinageuka zambarau.

Lakini kiu si ukame. Majani yakikauka na kuvunjika mkononi, mpaka umepitwa. Na mche ambao haujamaliza miezi sita usifanyiwe jambo hili.

Maji gani? Ya mvua ni bora kuliko yote. Ndoo chini ya mabati inatosha. Maji yaliyosafisha mchele ao mboga yanafaa pia, yakiwa bila chumvi na bila sabuni. Maji ya Ziwa Kivu yako na madini mingi na hayana uchachu, wakati bugenvile inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Anayemwagilia kwa maji ya ziwa miezi mingi mfululizo anaweza kuona majani mapya yakiwa ya njano na mishipa yake ikibaki kijani. Hapo chungu kiachwe kwenye mvua kubwa mara mbili ao tatu, maji yapite na kuosha udongo, kisha mbolea ya majani yaliyooza iongezwe juu.

Katika mitaa ambamo maji yanabebwa kwa bidoni na kulipiwa, jambo hili lina uzito. Lengalenga ndani ya gunia inataka maji karibu kila siku. Bugenvile iliyokomaa inaweza kungoja siku kadhaa bila malalamiko. Haishindanii maji ya jikoni.

Chakula: kidogo, na si cha majani tu

Kwa kuwa udongo wa chungu ni kidogo, chakula kinakwisha. Kila miezi miwili ao mitatu, weka juu ya udongo mikono miwili ya mbolea iliyooza. Anayetumia mbolea ya duka, kama ile ya NPK 17-17-17, aweke nusu kijiko kidogo kwa chungu cha kati, mbali na shina, juu ya udongo uliokwisha kulowa, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua. Zaidi ya hapo ni kuchoma mizizi.

Urea iachwe kwa mahindi. Inasukuma majani, na majani yakisukumwa maua yanakosa nafasi.

Majivu ya makala yako na faida lakini yanaondoa uchachu wa udongo. Kijiko kimoja mara mbili kwa mwaka kinatosha, na anayetumia maji ya ziwa asitumie majivu kabisa.

Kukata matawi

Maua yanatokea kwenye matawi mapya. Anayeogopa kukata anabaki na fimbo ndefu zenye maua machache kwenye ncha. Kila mara maua yanapokwisha kukauka na kuanguka, kata theluthi moja ya urefu wa matawi yaliyotoa maua. Tosha yaliyokufa, yaliyo membamba sana, na yanayoingia ndani. Kila tawi lililokatwa linaleta mengine mawili ao matatu, na chungu kinajaa.

Mtu asikate tena-tena kila wiki kwa kutafuta umbo, kwa sababu anaondoa zile ncha ambazo zilikuwa karibu kupata rangi.

Miiba ni ya kuheshimiwa. Vaa glavu ao funga kitambaa kizito mkononi, na linda macho. Utomvu wake unaweza kuwasha ngozi ya watu wengine. Matawi yaliyokatwa yasiachwe chini ambapo watoto wanapita miguu mitupu. Yakusanywe siku ileile. Na chungu chenyewe kisiwekwe mahali watoto wanakimbilia, ao kwenye kijia kinachopitwa usiku bila taa.

Kisha miaka miwili ao mitatu, mizizi inazunguka chungu chote na maji yanapita bila kushikwa. Hapo hamisha mmea ndani ya chungu kinachozidi kidogo. Kama hakuna chungu kikubwa, utoe mmea, punguza mizizi ya pembeni kwa upana wa vidole viwili, punguza na matawi kwa kiasi hichohicho, rudisha ndani ya chungu kilekile na udongo mpya. Uweke kivulini wiki mbili.

Kila mji na hali yake

*Goma.* Mawe meusi yanashika joto. Ndoo nyeusi juu ya mawe meusi saa saba ya mchana inapika mizizi. Inua chungu juu ya tofali ao mbao, ao kipake chokaa nyeupe nje.

*Bukavu.* Mvua ni mingi na udongo ni mzito. Kazi kubwa ni kupitisha maji. Chungu kiwekwe karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana.

*Butembo na milima ya Lubero.* Baridi inapunguza mwendo lakini haiui. Vijiti vinachelewa kushika. Maua yakija, rangi inakuwa kali.

*Uvira, Kalemie.* Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, wakati Ziwa Kivu liko karibu mita 1 460. Tofauti hiyo ni joto. Huku chini chungu kinakauka haraka. Chunguza kwa kidole kila siku, na funika chungu chenyewe, si majani, kwa gunia la zamani.

Maswali yanayoulizwa mara mingi

*Majani mingi, maua hakuna. Nifanye nini?* Chunguza kwa utaratibu: jua kwanza, maji kisha, mbolea mwisho. Mara mingi jibu linapatikana kwenye jua.

*Majani yanakuwa ya njano na kuanguka.* Kama udongo umelowa, ni maji mingi. Kama ni mkavu kabisa, ni kiu. Kama ni majani machache ya chini tu, ni uzee wa kawaida.

*Kuna vidudu vyeupe sawa pamba, ao vidogo vya kijani kwenye ncha.* Vinanyonya maji ya mmea, na sisimizi wanavilinda kwa sababu ya utamu wake. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo jioni, rudia kisha siku tano. Si lazima kununua sumu.

*Rangi moja inaweza kugeuka nyingine?* Rangi inaweza kukolea ao kufifia kwa sababu ya jua, baridi na umri wa ua. Lakini mtu akitaka nyekundu, akate kijiti kwenye mmea mwekundu.

*Nimenunua ikiwa na maua, yote yameanguka kwa wiki moja.* Safari na mabadiliko ya mahali vinatosha kuangusha maua. Mmea haujafa. Upewe jua na uachwe utulie.

Ikionekana imekufa

Kuna wakati familia inaondoka ghafla. Wakaaji wa Goma walihama kwa maelfu mwezi wa tano 2021, kisha Nyiragongo kulipuka tena tarehe 22 na amri ya kuhama kutolewa siku chache baadaye. Wengine wanaondoka kwa sababu zingine, na wanarudi kisha wiki ao miezi. Nyumba iko, ao sehemu yake. Pembeni ya mlango kuna bidoni yenye fimbo kavu bila jani hata moja.

Kabla ya kuitupa, chukua ukucha ao kisu, kwaruza gome la shina kidogo tu. Kama chini yake ni kahawia na kavu, shuka chini zaidi, kwaruza tena, mpaka karibu na udongo. Ukikuta kijani na unyevu mahali popote, mmea unaishi.

Kata yote iliyo juu ya hapo. Lowesha udongo pole pole, mara mbili siku ya kwanza, kwa sababu udongo uliokauka sana unakataa maji. Usiweke mbolea yoyote. Weka kivulini penye mwangaza, chunguza kwa kidole, ngoja. Wiki ya tatu ao ya nne, macho madogo mekundu yanaweza kutokea kwenye shina. Yakifikia urefu wa kidole, rudisha chungu juani.

Mwaka huo maua hayatakuwa mengi. Mwaka unaofuata, ndiyo.